Haki Isiyosubiri Kupona

Katika kaunti za Meru na Embu kuna rai moja kuhusu watu wenye maradhi ya akili ambayo haijaandikwa popote kama sera, wala hakuna chama au kanisa lililoipitisha kwa kura, lakini ndiyo inayotawala nyumbani, sokoni, katika baraza la chifu na katika vikao vya ukoo. Rai hiyo inasema kwamba mtu aliyerukwa na akili anastahili huruma, chakula, maombi, na dawa zikipatikana, ila suala la haki zake liwekwe kando mpaka atakapopona, kwa kuwa haki ni jambo la watu wanaojua wanachokitaka.

Ni vyema rai hiyo ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kupingwa, maana haisemwi na watu katili. Husemwa na akina mama waliokesha wakimlinda kijana asitoke usiku, na wazee waliowahi kuona nyumba ikiteketezwa na mwenye nyumba mwenyewe, na wahubiri, na walimu, na mara nyingine na wauguzi. Husimama juu ya hoja nne. Ya kwanza ni kwamba asiye na akili timamu hawezi kuamua lolote, kwa hiyo waamue wengine. Ya pili ni kwamba maradhi mengi ya aina hii, hasa kwa vijana, mtu hujitakia kwa kutafuna na kuvuta. Ya tatu ni kwamba mgonjwa wa akili ni hatari, na usalama wa wengi hutangulia uhuru wa mmoja. Ya nne, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba familia zimechoka, na kwamba anayezungumzia haki za mgonjwa huyo kwa kawaida haishi naye nyumba moja.

Hoja hizo zikikaguliwa moja moja, huonekana kwamba zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba kila mojawapo ina mtu anayefaidika nayo ambaye si mgonjwa.

1. Akili timamu hupimwa na nani?

Hoja ya kwanza ina mvuto kwa sababu inafanana na ukweli. Mtu aliye katikati ya skizofrenia kali, yaani maradhi yanayomfanya asikie sauti zisizosikiwa na wengine na kuamini mambo ambayo hayapo, anaweza kweli kushindwa kwa muda kupima faida na hasara ya uamuzi fulani. Maneno ya kushikilia hapo ni "kwa muda" na "uamuzi fulani". Maradhi mengi ya akili huja na kuondoka, na hata yanapokaa hayaharibu kila kitu kwa pamoja, hivi kwamba mtu asiyeweza kujadili bei ya ng'ombe mwezi wa Aprili anaweza mwezi wa Agosti kupeleka maziwa, kuhesabu chenji na kukumbuka madeni ya majirani wote, wakiwamo wanaomwita mwendawazimu. Rai inayotawala haina kalenda. Humpima mtu katika siku yake mbaya kuliko zote, kisha humvika kipimo hicho maisha yake yote, kana kwamba mwanafunzi aliyefanya mtihani akiwa na malaria angetakiwa kubaki na alama zile zile hadi uzeeni.

Sheria ina jina la kinachobishaniwa hapa, nalo ni uwezo wa kisheria, yaani kutambuliwa kuwa mtu anaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki, kuoa au kuolewa, kukubali na kukataa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika Ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wanao uwezo huo sawa na wengine, na kwamba pale wanaposhindwa kuutumia peke yao, kazi ya dola ni kuwapatia msaada wa kuutumia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazihesabu hali za akili na za kisaikolojia ndani ya maana ya ulemavu katika Ibara ya 260, na katika Ibara ya 54 inataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na hata aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Anayetaka kujua ibara hiyo ina nguvu kiasi gani asimame dakika kumi katika stendi ya Makutano mjini Meru, ambapo mtu mmoja anayeongea peke yake hutosha kuwa burudani ya makanga, madereva na abiria kwa pamoja, na Katiba huvunjwa hapo kwa kicheko bila hata mmoja kukunja uso.

Ni kweli kwamba Katiba hiyo hiyo ina doa lake, kwani Ibara ya 83 inamzuia kuandikishwa kuwa mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na watetezi wa rai hii hupenda kuishika hapo. Hata hivyo, ibara hiyo haisemi "anayesemwa" wala "anayejulikana". Inasema ametangazwa, na kutangazwa kisheria kunahitaji mwenye mamlaka, ushahidi na nafasi ya kupinga. Kule vijijini tangazo hutolewa kwenye foleni ya maji, na halina rufaa.

2. Kidole gumba kinachopona kabla ya mwenyewe

Hakuna mahali ambapo hoja ya akili timamu hujidhihirisha kama kwenye shamba. Meru na Embu ni nchi za milima yenye rutuba, ambako kahawa, chai, miraa na mahindi hugombania udongo ule ule, na ambako ekari chache za babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi mpaka wa mtu unahesabiwa kwa mistari ya migomba. Katika hesabu ya namna hiyo, ndugu mmoja anapotangazwa kuwa hana akili, kila aliyebaki hupata mguu mmoja zaidi wa ardhi. Haisemwi hivyo, bila shaka. Husemwa kwamba "atatunzwa na wenzake", kwamba "hata akipewa atauza", kwamba "hana mke wala watoto, shamba la nini?", na maneno hayo husemwa kwa sauti ya upole, mara nyingi baada ya sala ya kufungua kikao.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haina kifungu kinachomwondoa mrithi kwa sababu ya maradhi ya akili. Humwondoa aliyemuua marehemu, jambo ambalo linaeleweka, lakini mtoto mgonjwa hubaki mtoto. Tena Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, Sura ya 248, iliweka utaratibu wa mali ya mtu aliyeshindwa kuisimamia: mahakama humteua msimamizi, na msimamizi huyo haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kuigawa ardhi bila idhini maalumu ya mahakama. Utaratibu huo una kasoro zake, kwa sababu uliandikwa katika enzi iliyomwona mgonjwa kama kitu cha kutunzwa zaidi ya mtu wa kusikilizwa, lakini angalau ulijua kwamba ndugu mwenye huruma na ndugu mwenye tamaa wanaweza kuvaa koti moja.

Ukinzani mkubwa huja wakati ardhi inapotaka kuuzwa. Uuzaji wa shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya kusimamia ardhi, na kibali huhitaji wenye jina katika hati. Hapo ndugu aliyekuwa hana akili ya kumiliki huonekana ghafla kuwa na akili ya kutosha kukubali. Huogeshwa, hunyolewa, huvikwa shati safi, hupelekwa mbele ya karatasi, na kidole chake gumba hupona kabla yake. Kesho yake hurudia hali yake ya zamani, safari hii bila shamba. Wanaodai kwamba mtu wa aina hiyo hawezi kuamua lolote wangetarajiwa kuwa wa kwanza kupinga saini yake, ila kwa kawaida wao ndio mashahidi.

Wapo wanaojibu kwamba mambo ya ardhi ni ya ukoo na wazee, na kwamba Katiba yenyewe inaitambua mila. Inaitambua, katika Ibara ya 159, inayohimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru lenye makao yake Nchiru, lina heshima ambayo mahakama nyingi zingeitamani. Lakini ibara hiyo hiyo inaongeza sharti kwamba njia za jadi zisitumiwe kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki, yaani ile sura ya Katiba inayoorodhesha haki za kila mtu. Mila inayokaribishwa mahakamani kwa mlango wa mbele haiwezi kumtoa mgonjwa kwa mlango wa nyuma.

3. "Amejitakia"

Hoja ya pili husemwa kwa kujiamini zaidi kadiri mgonjwa anavyokuwa kijana. Ni bangi, ni pombe za rangi rangi, ni miraa, ni muguka. Basi avune alichopanda. Muguka, kwa asiyeujua, ni aina ya miraa inayotafunwa majani, inayolimwa hasa Mbeere katika kaunti ya Embu, na bei yake nafuu imeufikisha mikononi mwa vijana wa mbali na Embu.

Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata chini ya gavana Gideon Mung'aro. Sababu zilizotolewa Pwani zilikuwa za afya, ya akili ikiwamo, na hali ya vijana. Jibu la Mlima Kenya lilikuja haraka na kwa sauti moja: muguka ni zao halali, ni karo za shule, ni riziki ya maelfu ya familia, na madhara yake hayajathibitishwa. Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu na kutangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu ya kisheria, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na kanuni za miraa za mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha marufuku hayo.

Makala haya hayaamui kesi ya muguka. Kinachostahili kuangaliwa ni jinsi elimu ya afya ya akili inavyobadilika kulingana na upande wa mizani uliopo. Mfuko unapotishiwa, kutafuna hakumdhuru mtu yeyote akili. Kijana wa Siakago anapoanza kuzungumza na ukuta, kutafuna ndiko kulikomharibu, tena kwa hiari yake mwenyewe. Zao ambalo halina madhara linapouzwa Mombasa haliwezi kuwa kosa la maadili linapotafunwa nyumbani, na anayetaka kushikilia maneno yote mawili anahitaji msaada ule ule wa kufikiri anaowanyima wengine.

Zaidi ya hayo, hoja ya kujitakia haiishi peke yake. Katika familia hizo hizo, mara nyingi katika kikao hicho hicho, husikika pia kwamba ugonjwa umetokana na laana, ambayo Wameru na Waembu huiita kirumi, au mkono wa jirani mwenye wivu. Kama ni kirumi cha babu, kijana hana hatia yoyote. Kama amejitakia, basi babu asingiziwe. Maelezo hayo mawili hayakai chungu kimoja, lakini yameshindwa kugombana kwa sababu yana faida moja: yote mawili hufuta wajibu wa hospitali.

Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba fulani amejiletea maradhi kwa mikono yake, haieleweki kwa nini jambo hilo lifute haki zake. Mwendesha bodaboda anayevunjika mguu kwa kukimbiza pikipiki bila kofia barabara ya Nkubu hupelekwa hospitalini, hufungwa plasta, hutembelewa na jamaa na matunda, na hakuna anayependekeza kwamba apoteze shamba mpaka mfupa ushikane.

4. Nani hatari kwa nani?

Hofu si jambo la kudharauliwa, na matukio ya vurugu yapo. Lakini hofu hii imekosea hesabu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika miji mitatu ya Marekani na kuchapishwa mwaka 1998 uliwafuatilia watu waliotoka katika wodi za akili na kuwalinganisha na majirani zao. Ukaonyesha kwamba wale wasiotumia vileo na dawa za kulevya hawakuwa na vurugu zaidi kuliko majirani wasiotumia. Upande mwingine wa hesabu hausemwi kabisa: nani humpiga mawe nani sokoni, nani hulala nje na kubakwa, nani hufungwa kamba.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliwapa polisi, machifu na manaibu wao mamlaka ya kumchukua mtu anayeaminika kuwa na maradhi ya akili ambaye ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na ikawataka wamfikishe hospitalini ndani ya saa 24. Sehemu hiyo ya sheria inajulikana sana. Sehemu isiyojulikana ni ile iliyokaa jirani yake katika kifungu hicho hicho, inayowapa mamlaka yale yale juu ya mgonjwa anayetendewa ukatili au anayetelekezwa na jamaa zake. Chifu anayefahamu jinsi ya kumwondoa mgonjwa barabarani alipewa pia mamlaka ya kumtoa katika kibanda cha nyuma ya nyumba alimofungwa mnyororo, ila barabara huwa na wageni na kibanda hakina.

Mfano mwingine wa gharama iliyofichwa chini ya neno "usalama" uko magerezani. Kwa miaka mingi, mtu aliyepatikana kuwa alitenda kosa akiwa amerukwa na akili alihukumiwa kwa maneno ya ajabu, kwamba ana hatia lakini ni mwendawazimu, kisha akazuiliwa kwa radhi ya Rais, yaani kwa muda usio na kikomo, mpaka serikali ikumbuke. Mtu mwenye akili timamu aliyetenda kosa lile lile alijua tarehe ya kutoka, mgonjwa hakuijua. Mwaka 2018 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu ya Kisumu aliamua kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba, kwani kutoa adhabu ni kazi ya mahakama na adhabu isiyo na mwisho ni ya kikatili. Vivyo hivyo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kiliweza kumchukua mtu aliyeokolewa kutoka kwenye kamba asubuhi na kumfikisha mbele ya hakimu kabla shingo haijapoa, hadi Jaji Lawrence Mugambi alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa miongoni mwa walioifungua. Jamii iliyokuwa ikisema kwamba mgonjwa hana akili ya kuamua lolote iliamini muda wote huo kwamba anayo ya kutosha kushtakiwa.

5. Hoja ya kuazima

Watetezi wa rai hii huiita ya jadi. Ingefaa wajue ni nani mwingine aliyeitumia juu ya babu zao.

Mwaka 1938 daktari Mwingereza, J. C. Carothers, asiyekuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili, alikabidhiwa hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910, na akaiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maandishi yake mengine, yanayoeleza uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni kwa njia ya saikolojia: ghasia zile, kwa maelezo yake, zilitokana kwa kiasi kikubwa na akili zilizoyumba kwa kukosa mila za zamani na kutozifikia za kisasa. Madai ya ardhi yaligeuzwa kuwa dalili za ugonjwa.

Wakikuyu, Waembu na Wameru waliozuiliwa, ambao serikali iliwaweka katika kundi moja, walichujwa kwa rangi, weusi, kijivu na weupe, kulingana na jinsi "walivyopona" kutoka kwenye kiapo cha Mau Mau, na wakapitishwa kambi baada ya kambi, zikiwamo za Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Kanuni ilikuwa nyepesi: wapone kwanza, ndipo warudishiwe uhuru, na wakati wanaponywa, mashamba yao yalipimwa na kuandikishwa kwa majina ya waliobaki nje. Mjukuu anayesema leo katika kikao cha ukoo kwamba ndugu yake apone kwanza ndipo azungumze habari za shamba anarudia sentensi ambayo babu yake alisomewa nyuma ya seng'enge.

6. Familia zimechoka

Hoja ya nne ndiyo ya kweli kuliko zote, na ndiyo iliyotumiwa vibaya kuliko zote. Mama wa Igembe au wa Evurore mwenye kijana anayevunja vyombo na kupotea siku tatu hahitaji kusomewa Ibara ya 54. Amejaribu maombi, amejaribu mganga, ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Kumhukumu yeye kwa mnyororo ulioko nyuma ya nyumba, na kumwacha aliyemfanya auhitaji, ni uvivu wa kimaadili.

Ila kuchoka kwa familia hakuthibitishi kwamba haki ni anasa. Kunathibitisha kwamba kuna haki mojawapo, ya afya, iliyomo katika Ibara ya 43, ambayo haikutolewa, na kwamba gharama yake imehamishwa kutoka bajeti ya umma hadi mgongo wa mama mmoja. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, katika ripoti yake ya mwaka 2017 kuhusu huduma za afya ya akili, alikuta kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya nne na kuendelea nchini, ni 29 tu zilizokuwa zikitoa huduma hizo. Kwa miongo mingi jina la tiba ya akili katika Kenya limekuwa Mathari, ambayo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Meru, na ambayo jina lake limegeuka tusi kabla ya kuwa msaada. Mnyororo ni rahisi, haudai mshahara, hauombi nauli, wala hauonekani katika hesabu za kaunti. Kila mgonjwa aliyefungwa nyumbani ni fedha ambazo serikali imeokoa, na huruma inayosema "tumwache na familia yake" ndiyo stakabadhi yake.

Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilikuta desturi ya kuwafunga wagonjwa wa akili katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo, na mara nyingi waliofunga walikuwa jamaa au nyumba za maombi. Maombi hayakatazwi na yeyote, na kwa wengi ni faraja ambayo haiuzwi dukani. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini maombi haya pekee huhitaji kufuli, ilhali anayeombewa kisukari huachwa aende nyumbani na dawa zake.

Wala haisaidii kusema kwamba hakuna njia ya tatu kati ya mnyororo na Mathari. Mwaka 1954, wakati ule ule Carothers akieleza kwa nini Mwafrika hawezi, daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alikuwa akianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, mpango ambao wagonjwa walikuja pamoja na jamaa mmoja, wakapangishwa katika nyumba za wanavijiji, wakatembea hospitalini mchana kwa matibabu na kurudi jioni kupika na kupiga soga. Nchini Kenya, katika kaunti ya Makueni, wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii wamefundishwa kutambua na kutibu maradhi haya katika zahanati za kawaida. Dawa kuu si ngeni: kuna vidonge na sindano zilizogunduliwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na mojawapo ya sindano hizo huwatosha wagonjwa wengi kwa takriban mwezi mzima.

Hapa ndipo rai inayotawala huanguka kwa uzito wake yenyewe. Husema mtu apone ndipo apate haki, lakini kijana anayejua kwamba siku atakayotajwa kuwa mgonjwa ndiyo siku atakayopoteza shamba, mchumba, kazi na sauti yake kikaoni hatakwenda hospitalini mapema. Atanyamaza, atajificha, atatafuna zaidi ili alale kidogo, na atafikishwa kwa daktari akiwa amefungwa kamba, miaka kadhaa baadaye, maradhi yakiwa yamekomaa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha inayomnyima mtu usingizi, hamu na nguvu, hutibika vizuri zaidi inapowahiwa, na aliyeifanya siri ni yule yule anayelalamika kwamba wagonjwa huletwa wakiwa wamechelewa.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022, kutokana na mswada wa Seneta Sylvia Kasanga, yameandika kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa na kuridhia matibabu, kushiriki katika kuyapanga, kutunziwa siri zake, kukingwa dhidi ya ukatili na kutambuliwa uwezo wake wa kisheria. Yameandika pia kwamba serikali za kaunti, ambazo zilikabidhiwa huduma za afya tangu mwaka 2013, zina wajibu wa kuzitoa huduma hizo karibu na watu. Hakuna mstari unaosema kwamba haki hizo zinaanza baada ya kupona.

Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa katika vikao vya kutoa maoni, ambavyo kwa kawaida hutawaliwa na barabara, maji na mbegu. Watu wa Meru na Embu wanaosema kwamba wamechoka kuwatunza wagonjwa wao wana haki ya kusimama katika vikao hivyo na kuuliza swali moja, kisha wasikae chini mpaka lijibiwe kwa jina la kituo na kiasi cha shilingi: ile sindano ya mwezi iko katika zahanati ipi?